Tumbo la Apiyo Liliponyamaza

Jana jioni binti yangu alirudi kutoka shule, akaniegemea begani nikiwa kwenye cherehani, na pumzi yake ikanigonga usoni. Harufu ya chokaa iliyotiwa maji ya machungwa. Sikuhitaji kuambiwa.

"Mama, leo tumepewa dawa ya minyoo."

Nikaacha gauni la mteja likining'inia kwenye sindano, nikamshika kidevu. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Na mashavuni?"

Akafungua, akainua, akajipapasa mashavu kwa vidole viwili. "Mama, kwani wewe ni askari wa jela? Nimetafuna, nimemeza. Mimi mwenyewe, yawa!"

Nikamwambia amefanya vizuri. Kisha nikaenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, nikalia kidogo. Mimi machozi yangu yako karibu, hapa Migori majirani wote wanajua. Mtoto alikuwa amesema "mimi mwenyewe", na hayo ndiyo maneno ambayo mimi na dada yangu hatukuwa nayo.

Nilizaliwa pacha, nyumbani kwetu nje kidogo ya Rangwe. Dada yangu alitangulia akaitwa Apiyo. Mimi nikafuata nikaitwa Adongo, yule aliyebaki nyuma. Kwetu pacha si watoto wa kuchezewa. Mgeni akija na ndizi moja, Dani, yaani nyanya yetu aliyemzaa baba, alimsimamisha mlangoni mpaka ya pili ipatikane, la sivyo ile moja ikatwe katikati mbele ya macho yake. Gauni likishonwa, yanashonwa mawili. Apiyo akichapwa kwa kosa lake, mimi nilipigwa kofi moja jepesi, basi tu, mambo yawe sawa. Na watu walipomshangaa Mama alivyotulea wawili na kuuza omena, dagaa wa ziwani, kwa wakati mmoja, alikuwa na jibu lake: "Hawa ni mtu mmoja. Akishiba huyu, yule ananenepa."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikujua ni mzaha. Nilijua ni habari.

Tena nilikuwa na ushahidi. Apiyo alikuwa na tumbo lenye maneno mengi. Baada ya chakula cha mchana alilala chali kwenye mkeka nyuma ya jikoni, akapandisha blauzi, nami nikamwekea sikio juu ya kitovu. Mchezo huo tuliuita redio. Redio ya Apiyo ilinguruma, ikapiga mluzi mwembamba, ikanyamaza kama inayovuta pumzi, ikaanza tena. Mimi nilikuwa mtangazaji. "Ugali umefika salama," nilitangaza. "Omena wanaogelea. Sukuma wiki bado iko njiani, barabara ni mbaya." Apiyo alicheka, na tumbo likiruka kwa kicheko kelele ziliongezeka.

Nilichokuwa sisemi, kwa kuwa niliona kila mtu anakijua, ni kwamba sehemu ya kelele zile ilikuwa chakula changu. Nilikuwa nikila pera peke yangu kule kwenye miti, kisha narudi mbio, naweka sikio kwake. Gruu! Imefika. Haikuwahi kukosa kufika. Tumbo langu mwenyewe sikuwahi kulisikiliza, nani awezaye kuweka sikio kwenye tumbo lake?

Sasa, Apiyo alikuwa na mambo mawili. La kwanza, alipenda udongo. Mvua ikinyesha ukuta wa jikoni unatoa ile harufu nzuri, na yeye alikuwa anaumega kwa ukucha na kuulamba kama wengine wanavyolamba sukari. La pili, hakuweza dawa. Kitu chochote chenye ladha ya dawa kilimrudi kooni, macho yakamtoka.

Kwa hiyo siku Madam, mwalimu wetu, alipokuja darasani na mkebe wa dawa za minyoo, tukapanga mstari, Apiyo aliweka yake mdomoni, akaificha shavuni, akatoa ulimi mtupu. Madam akaweka alama kwenye daftari. Nyuma ya choo dada yangu akaitema mkononi, imelowa, pembeni imeanza kulainika.

"Adongo, kula yangu. Nitatapika."

"Lete."

Nikaila. Sikuona ubaya wowote, wala sikuona kwamba tunamdanganya mtu. Nilimeza, nikangoja kidogo, nikaweka sikio tumboni mwake palepale nyuma ya choo. Gruu. "Imefika," nikamwambia, tukarudi darasani. Tulifanya hivyo mara tatu, kila dawa ilipokuja. Nilijisifu moyoni. Nilikuwa dada mzuri sana.

Ugonjwa ulianza Jumamosi, asubuhi, tukiwa tunaosha vyombo. Apiyo aliacha sufuria, akajikunja, akasema tumbo linamkata. Likamwachia. Tukaendelea kuosha. Likamrudia. Na kila liliporudi, redio iliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Haikuhitaji sikio tena. Ungeweza kuisikia ukiwa mlangoni: maji yanayolazimishwa kupita shingo nyembamba ya mtungi, kisha mlio mdogo wa juu, ting, ting, kisha maji tena. Mama alitoka ndani akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni Apiyo.

Akatapika kifungua kinywa. Akatapika maji. Mchana akatapika kitu cha kijani chenye uchungu, na hakuwa ameenda choo tangu jana yake. Dani akachemsha majani yake machungu, akampa kikombe. Apiyo alionja, akatapika, akanitazama. Mnajua yale macho. Dani alipogeuka kuchochea moto, nilichukua kikombe nikanywa yote mpaka machicha ya majani. Ulimi wangu ulikufa ganzi mpaka jioni. Jioni Dani alichemsha mengine, nikanywa na hayo.

Mama alisema kesho asubuhi tunaenda hospitali, liwalo na liwe. Akafunga leso mbili na sweta kwenye begi, akaliweka karibu na mlango.

Asubuhi niliamka kabla ya wote, nikaweka sikio kwa Apiyo. Kimya. Nikabadilisha sikio. Kimya. Nikasubiri, nikasubiri, nikasikia tu moyo wake ukienda mbio kwa mbali. Na mimi, mjinga mimi, furaha ilinijaa mpaka nikahisi miguu mepesi. Dawa yangu ilikuwa imefika! Nilitoka nje nikipiga kelele, "Mama! Limenyamaza! Apiyo amepona!"

Mama alikuja, akainama, akasikiliza. Akampapasa paji la uso. Apiyo akasema kweli, halimkati tena kama jana. Mama akapiga magoti hapohapo kwenye sakafu akamshukuru Mungu, kisha akaliondoa begi mlangoni, akalitundika msumarini.

Begi lile nimeliota mara nyingi. Limetundikwa pale, na mimi ndiye niliyelitundika.

Saa za adhuhuri Mama alileta uji. Apiyo aligeuza uso kuelekea ukutani. Mama akambembeleza, akapuliza kijiko, wapi. Nikaweka sikio tumboni nitangaze habari, nimchekeshe, nikakuta tumbo limevimba, limekaza kama ngozi ya ngoma, na yeye hakusema "ondoka, unanitekenya" kama kawaida yake. Alikuwa ananitazama kutoka mbali sana. Midomo imekauka, macho yameingia ndani.

Dani alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Hakuwa mtu wa maneno ya hekima, alikuwa mtu wa ugomvi, na hata hapo alikuja na ugomvi. "Min rude," akamfokea Mama, akimwita mama wa mapacha kama alivyomwita siku zote. "Mtoto aliyepona huomba chakula. Huyu ameomba nini? Chukua begi!"

Mama alitaka kuniacha. Dani akakataa, pacha hawaachwi. Basi tulipanda boda sote, dereva, Mama, Apiyo katikati, mimi nyuma nimeshika mkia wa kiti, mpaka hospitali kubwa ya Homa Bay.

Daktari tuliyemkuta kwenye zamu alikuwa kijana kutoka upande wa Kegonga, Mkuria, na lugha yetu, Dholuo, alijua salamu tu. Kiswahili cha Mama kilikuwa cha kuuzia omena kwenye soko la mifugo la Ogwedhi: kilijua kupandisha bei, kilijua kumtania mteja, lakini kilipofika kwa mtoto mgonjwa kilikatika. Nesi wake naye hakuwa Mluo. Kwa hiyo daktari alinitazama mimi. Nilikuwa darasa la tatu, na Kiswahili ndicho somo nililompita Apiyo.

"Utanisaidia kuongea na mama?"

"Ndiyo, daktari."

Kwanza alimwomba kila mtu anyamaze. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia tumboni mwa Apiyo, upande huu, upande ule, juu, chini, akitazama saa ya mkononi. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akisikiliza kitu. Kisha akabonyeza kwa vidole, polepole, na Apiyo akalia bila sauti.

"Muulize mama, tumbo lilikuwa linanguruma?"

Hilo nilijua bila kumuuliza mtu. "Jana lilinguruma sana. Ungelisikia mlangoni. Halafu leo asubuhi limepona."

"Limepona?"

"Limenyamaza."

Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu. "Sikiliza nikwambie, umwambie mama vizuri. Tumbo kunguruma si ugonjwa. Ukiwa na njaa linanguruma. Chakula kikikukataa, ukiharisha, linanguruma zaidi, halafu linatulia. Lakini likinguruma hivyo, na maumivu yanakuja na kuondoka, na mtu anatapika, na choo hakuna, hapo kuna kitu kimeziba njia. Utumbo unasukuma, unasukuma. Hizo kelele ni utumbo ukipigana. Sasa ukinyamaza na mtoto bado hali, hajapona. Utumbo umechoka."

Nikamwambia Mama kwa Dholuo. Neno kwa neno nilimwambia, na nilipofika pa kuchoka, mdomo wangu ulikuwa unasema na kichwa changu ndipo kinasikia. Kumbe kimya nilichokitangaza asubuhi kwa furaha ndicho hicho. Mama alishika ukingo wa kitanda.

"Muulize," daktari akaendelea, kalamu mkononi, "huyu mtoto amekuwa akipewa dawa ya minyoo?"

Nikauliza. Mama akajibu upesi, kwa hakika ya mzazi ambaye hilo angalau hakulikosea: ndiyo, shuleni, kila mara, wote wawili, hata mwalimu aliandika.

Daktari akaningoja.

Sijui kama mnakumbuka jinsi mtoto anavyoweza kusimama katikati ya neno. Nilisimama katikati ya lugha mbili, na hakuna mtu mwingine chumbani aliyekuwa na zote mbili isipokuwa Apiyo, naye alikuwa amefumba macho. Nikasema, "Mama anasema ndiyo."

Akaandika. Akageuza karatasi. Nikasikia akimwambia nesi kwamba basi pengine si minyoo, waanze kutafuta kwingine. Na mimi nikaona miguu ya Apiyo, vile vidole viwili vya katikati vinavyofanana na vyangu, haviguswi na mtu na vinatetemeka. Nilikuwa naogopa kuchapwa. Nilikuwa naogopa Mama. Lakini niliogopa zaidi jina langu. Aliyebaki nyuma. Nilijiona nikibaki kweli, mkeka wote wangu, magauni yote mawili yangu.

"Lakini si kweli," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"Dawa zake nilikula mimi. Zote. Yeye alikuwa anaficha shavuni ananipa. Mara tatu. Na anakula udongo. Na jana dawa ya Dani pia nilikunywa mimi."

"Kwa nini?" Hakuwa mkali, alitaka kujua tu.

"Ili imfikie."

Daktari hakucheka, Mungu ambariki popote alipo. Alinitazama kidogo, akapeleka tena vidole vyake pale palipokuwa pagumu tumboni, kama mtu anayetafuta kitu kwenye gunia na sasa ameambiwa kina umbo gani. "Huku kuna fundo," akamwambia nesi. "Tupate picha. Na mwambie wa chumba cha upasuaji ajiandae." Kisha akaniwekea mkono kichwani. "Umenisaidia, unasikia? Sasa mwambie mama ulichoniambia."

Mama alisema, kwa Kiswahili chake cha omena, "Mimi nimesikia."

Wakampitisha Apiyo kwenye mlango wa kusukuma, amelala kwenye kitanda cha magurudumu. Tulikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimekunja mabega nikisubiri kofi, na safari hii si lile jepesi la kusawazisha mambo. Mama akaniuliza polepole, kwa Dholuo, "Nani alikuambia kwamba ukila wewe, yeye anashiba?"

"Nyinyi."

Akanishika mabega, akayakunjua.

"Ni sisi," akasema. "Ni mimi." Akanivuta akanikandamiza kifuani mwake, kwenye harufu ya omena isiyotoka hata kwa sabuni, na akalia kwa mwili wote, nami nikalia. Sijawahi kupendwa namna ile kabla wala baadaye, na nimependwa sana mimi.

Ilikuwa minyoo. Fundo zima, wamejisokota pamoja wakaziba njia. Dani alipofika kesho yake na chupa ya chai, jambo la kwanza alilodai ni kuonyeshwa, awatukane ana kwa ana. Hawakumwonyesha. Alikasirika mpaka jioni.

Apiyo alilala na mpira puani na kitambaa cheupe tumboni, hapewi chakula wala maji ya kunywa, maji yake yanapitia mkononi. Kila asubuhi daktari alikuja, akasikiliza pembeni ya kitambaa. Asubuhi ya kwanza aliniwekea vile vidude masikioni, baridi, vinabana.

"Unasikia nini?"

"Hakuna."

"Safari hii usiogope. Utumbo ukishikwashikwa na watu hulala usingizi. Tunausubiri uamke. Wewe si ndiye mtangazaji?" Apiyo alikuwa amemwambia, kwa sauti ya kukwaruza, na mimi niliona aibu.

Asubuhi ya pili, hakuna. Nami kwa siku hizo mbili sikula kitu. Nilikuwa nimeapa kimoyomoyo: kama chakula changu hakimfikii, basi angalau njaa yake inifikie mimi. Mkate alionipa Mama niliuficha shavuni nikautema nje kwa ndege. Mbinu nilikuwa nimefundishwa na bingwa.

Asubuhi ya tatu hata daktari hakuwa amefika. Niliweka sikio langu tu, bila kifaa, pembeni kabisa ya kitambaa, nikangoja. Wodi ilikuwa na kelele za vikombe na mtoto anayelia. Nikangoja. Na huko ndani, mbali, kama mtu anayegeuka kitandani, kikasikika kidogo sana: gru. Nikashika pumzi. Gruu. Halafu mluzi.

Nilitikisa kichwa tu nikimtazama Mama, ndiyo, ndiyo, machozi yananidondokea kwenye kitanda cha hospitali. Kabla ya chai ya saa nne Apiyo akajamba, kwa sauti, tena bila haya, na nesi akapiga makofi. "Hiyo ndiyo tulikuwa tunaingoja!" Wamama wa wodi nzima wakapiga vigelegele. Hakuna mtu aliyewahi kujamba akashangiliwa hivyo Homa Bay.

Baadaye, baada ya daktari kusikiliza na kukubali na ule mpira kutolewa, ukaja uji. Mwepesi, nusu kikombe, wa kunywa kidogokidogo. Mama, kwa mazoea ya miaka yote, aliupokea, akatafuta kikombe cha pili agawanye. Mkono wake ulikuwa umeshainama.

"Usinipe," nikasema. "Huo ni wake."

Mama akanitazama, akarudisha mkono. Apiyo akanywa funda la kwanza, akafumba macho. Nikaweka sikio langu mahali pake, nikausikia ukishuka, wa kwake peke yake, hakuna hata tone langu ndani.

Hapo ndipo tumbo langu lilipopasua kelele. Siku tatu bila chakula, lilinguruma mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. Apiyo akafumbua macho. Hakuwahi kulisikia. Alinyoosha mkono wake wenye bandeji, akaweka kiganja tumboni mwangu, akasikiliza kwa kiganja, uso umekunjamana kama wa daktari.

"Huyu ana njaa," akamwambia Mama. "Mpe chakula chake."

Kisha akanigeukia, dada yangu aliyenitangulia duniani, midomo bado imekauka, na akaniambia kwa ukali wote aliokuwa nao:

"Na usinilie mimi. Shiba wewe mwenyewe."